Filamu za Makala: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa anayetengeneza filamu yake ya kwanza au ya pili, ambaye tayari ameshaona kwamba kuwa na kamera ni sehemu ndogo tu ya kazi. Mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Mahojiano na uhariri yamepewa nafasi kubwa, kwa kuwa huko ndiko filamu nyingi zinakoharibikia.

Filamu ya makala ni nini, na inatofautiana vipi na taarifa ya habari?

Ni filamu inayojengwa kwa watu halisi, mahali halisi na mambo yaliyotokea kweli, yakapangwa yawe simulizi. Mskoti John Grierson, aliyelitumia neno dokumentari, yaani filamu ya makala, katika uhakiki wa filamu gazetini mwaka 1926, baadaye aliieleza kazi hii kuwa ni kuishughulikia hali halisi kwa ubunifu. Yote mawili yana uzito. Ukiondoa uhalisi unabaki na tamthilia, na ukiondoa ubunifu unabaki na kanda ya kamera ya ulinzi.

Taarifa ya habari humwambia mtazamaji kilichotokea, tena jambo kubwa likitangulia. Filamu ya makala humweka ndani ya jambo hilo kwa muda, na ina ruhusa ya kumcheleweshea jibu. Lakini zote mbili zimempa mtazamaji ahadi moja: ninachokuonyesha ni kweli. Anayetazama tamthilia anajua machozi yale ni ya mwigizaji. Anayetazama makala anaamini ni machozi ya mtu, na imani hiyo ndiyo mtaji wako wote.

Je, ni lazima kila kitu kionyeshwe kilivyotokea bila kuguswa?

Hapana, wala haiwezekani. Ukishaamua kamera ikae wapi na izimwe saa ngapi, umeshagusa. Mwaka 1922 Robert Flaherty alitoa filamu kuhusu maisha ya Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada. Nyumba ya theluji aliyopigia picha za ndani iliachwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie na kamera ipate nafasi. Wawindaji nao waliwinda kwa chusa, ingawa wakati huo bunduki zilikuwa zimeshazoeleka. Mambo haya mawili hutajwa pamoja siku zote, na si sawa. Ukuta uliokosekana ulitatua shida ya mwanga na haukubadilisha maana ya kilichoonekana. Chusa ilibadilisha maana, kwa sababu mtazamaji alirudi nyumbani akiamini kwamba watu wale bado wanaishi kama babu zao.

Jiulize hivi: mtazamaji angesimama nyuma ya kamera siku ile, angejiona amedanganywa? Kumwomba fundi afungue mlango mara ya pili kwa sababu lenzi ilikuwa na ukungu si udanganyifu. Kuchukua uso wa mama aliyekuwa akisikiliza redio, ukauweka baada ya habari ya kifo cha mwanawe, ni udanganyifu, hata kama siku nyingine alilia kweli.

Mitindo mikuu ni ipi?

Mgawanyo unaofundishwa zaidi ni wa mwananadharia Mmarekani Bill Nichols, mwenye aina sita. Usizishike kama sheria. Zishike kama vifaa vilivyomo kwenye sanduku.

Mtindo wa maelezo ndio tunaoujua zaidi kutoka televisheni: sauti ya msimulizi inajenga hoja, picha zinatoa ushahidi. Mtindo wa kutazama ni kinyume chake. Kamera inakaa kimya, haiulizi wala haielezi. Ulishika kasi karibu mwaka 1960, kamera za milimita 16 zilipokuwa nyepesi kiasi cha kubebwa begani na sauti ikaweza kunaswa sambamba na picha bila mitambo mizito. Filamu za Frederick Wiseman, ya kwanza ikiwa ya mwaka 1967, hazina msimulizi, mahojiano wala muziki wa kuongezwa. Zote zimebebwa na mpangilio wa matukio, kwa hiyo asidhani mtu kwamba kutazama ni kazi nyepesi: kile ambacho msimulizi angekisema kwa sentensi moja, wewe unakitafuta kwa saa nyingi za picha.

Katika mtindo wa ushiriki, mtengenezaji anaingia ndani ya filamu, anauliza, anabishana, anasikika. Jean Rouch na Edgar Morin, katika filamu yao ya mwaka 1961 iliyopigwa zaidi jijini Paris, waliwaonyesha wahusika picha zao wenyewe, na mabishano ya wahusika kuhusu picha hizo yakawa sehemu ya filamu. Mtindo wa kujianika huonyesha filamu inavyotengenezwa. Dziga Vertov alifanya hivyo mwaka 1929 alipomwonyesha mpiga picha akihangaika na kamera yake na mhariri akikata filamu mezani. Wa kishairi hutegemea mdundo na mfanano wa picha kuliko kisa. Wa sita huegemea maisha na hisia za mtengenezaji mwenyewe, ukweli ukionekana kwa jicho la mtu mmoja asiyejificha.

Filamu nyingi huchanganya mitindo miwili au mitatu. Hitilafu hutokea pale mtindo unapobadilika bila mtazamaji kuandaliwa. Umekaa kimya dakika 40, ghafla sauti ya msimulizi inaibuka: huyu ni nani, na alikuwa wapi muda wote? Kila kifaa unachokusudia kukitumia, kama ni msimulizi, michoro, maigizo au sauti yako mwenyewe, kionekane japo mara moja ndani ya dakika kumi za mwanzo.

Nianze na mada au na mhusika?

Anza na swali. "Uchafuzi wa mto" ni mada, na mada haina mwisho. Unaweza kupiga picha miaka mitano na usijue lini uache. "Je, wavuvi hawa watashinda kesi kabla samaki hawajaisha?" ni swali, na siku litakapojibiwa utajua.

Kisha mtafute mtu anayeliishi swali hilo. Kwa kila anayefikiriwa kuwa mhusika mkuu, andika mambo matatu: anataka nini, kinachomzuia ni nini, na ni jambo gani litatokea mbele ya kamera ndani ya miezi utakayokuwa naye. La tatu ndilo linalosahaulika. Kama kila kitu kimeshapita, bado unaweza kupata filamu nzuri, lakini itakuwa ya kumbukumbu na itahitaji picha za zamani, nyaraka na mashahidi. Ni afadhali ulijue hilo kabla ya kuondoka nyumbani.

Usivutiwe mno na msemaji hodari. Mtu mwenye maneno mengi mara nyingi amekwisha kujisimulia mara mia na simulizi yake imeganda. Aliye mkimya lakini ana kazi ya kufanya kwa mikono yake huwa zawadi kubwa kwa kamera.

Nitaandikaje skripti ya jambo ambalo bado halijatokea?

Huandiki skripti, unaandika andiko la awali, kurasa mbili hadi tano. Ndani yake kuna swali, wahusika, matukio yanayotarajiwa pamoja na tarehe zake (siku ya kesi, msimu wa mavuno, mtihani), mtindo, na mahali utakapopigia picha. Kisha andika miisho mitatu: mhusika akipata anachokitaka, akikikosa, na jambo likibaki bila kuamuliwa. Kama mmojawapo wa miisho hiyo unaua filamu yako kabisa, swali ulilolichagua ni jembamba. Lipanue sasa, likiwa bado kwenye karatasi.

Simulizi inapangwaje?

Mpangilio ulio salama zaidi ni wa wakati: mambo yafuatane yalivyotokea. Mwingine ni safari, ambapo barabara yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Wa tatu ni uchunguzi: filamu inaanza na fumbo na kila mahojiano yanafungua mlango mmoja. Kuna filamu za siku moja, na za vipande vya watu wengi waliounganishwa na mahali au tukio.

Vyovyote utakavyochagua, fungua pale swali linapozaliwa, si pale mhusika alipozaliwa. Kosa la kawaida kuliko yote ni dakika kumi za mwanzo zilizojaa historia: mwaka wa kuanzishwa, idadi ya wakazi, ramani, mkuu wa idara akieleza. Mtazamaji hawezi kubeba habari ambayo bado hajaihitaji. Mwonyeshe kwanza mvuvi akivuta wavu mtupu. Akishajiuliza kwa nini ni mtupu, mpe historia yote. Ataimeza kwa hamu.

Sehemu ya katikati hulegea. Kuikagua, andika kila tukio kwenye kadi moja, uzipange mezani, kisha utafute neno la kuunganisha kila kadi na inayofuata. Ukiweza kusema "kwa hiyo" au "lakini", simulizi inasonga. Ukipata "halafu… halafu… halafu", una orodha ya matukio, na kadi mojawapo inapaswa kuhama au kuondoka.

Nipige picha kiasi gani?

Kwa filamu yenye mahojiano na mpango ulioeleweka, saa 20 za picha kwa kila saa moja ya filamu zinatosha. Kwa mtindo wa kutazama, 60 kwa moja si ajabu. Filamu ya Marekani ya mwaka 1994 iliyowafuata vijana wawili wa mpira wa kikapu kwa takriban miaka mitano ilitokana na saa 250 hivi za picha, na yenyewe ina chini kidogo ya saa tatu.

Piga hesabu ya mzigo kabla ya kujisifu kwa wingi. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Saa 40 ni terabaiti 1.8, na kwa nakala mbili ni 3.6. Kuandika kwa mkono maneno ya saa moja ya mahojiano huchukua saa nne hadi sita. Programu za kunukuu huharakisha, lakini lazima usikilize tena, hasa pale majina na lafudhi zinapoingia.

Kila jioni nakili kadi ya kumbukumbu ya kamera kwenye diski mbili, fungua faili chache uzichezeshe, ndipo uifute kadi. Diski hizo zisilale kwenye begi moja. Kazi nyingi za miezi zimepotea kwa wizi wa begi moja tu.

Tukio la mtu akifanya kazi linapigwaje?

Tuseme mfinyanzi anatengeneza mtungi. Anayeanza husimama mbali, akawasha kamera, akaizungusha huku na huku na kuvuta lenzi mbele na nyuma kwa dakika 20. Akifika kwenye uhariri hakuna hata sekunde tano zinazoweza kukatwa, kwa sababu picha haijatulia popote.

Fanya hivi. Mtazame kwanza amalize mtungi mmoja ukiwa hujawasha kitu. Utaona kazi inajirudia: anakanda, anavimbisha kuta, analowesha vidole, anasawazisha mdomo. Mtungi wa pili ndio wa kupiga. Anza na mikono kwa karibu, udongo ukipenya katikati ya vidole. Kisha uso peke yake, macho yakiangalia chini. Kisha picha pana inayoonyesha alipoketi na kilichomzunguka. Kisha nyuma ya bega lake, tuone anachokiona yeye. Kisha kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitarajia: maji ya bakuli yaliyogeuka rangi, mtoto anayemtazama kutoka mlangoni. Kila picha iache itulie sekunde kumi, uhesabu kimoyomoyo, na usifuate mkono unapotoka kwenye fremu, yaani eneo linaloonekana na kamera. Mkono ukitoka, fremu ikabaki tupu sekunde mbili, mhariri amepata mahali pa kuruka nusu saa bila mtazamaji kushtuka.

Kamera ibaki upande mmoja wa mstari unaounganisha macho yake na kazi yake. Ukivuka mstari huo bila picha ya mpito, aliyekuwa akitazama kulia ataonekana amegeukia kushoto.

Mahojiano mazuri hupatikanaje?

Kabla ya maneno, tengeneza chumba. Kiti kisizunguke wala kisilie. Zima friji, uweke funguo zako ndani yake ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena. Kamera iwe usawa wa macho ya mhusika, nawe ukae karibu kabisa na lenzi. Ukikaa pembeni sana tunaona sikio badala ya macho. Kama una pande mbili zinazopingana, waketishe wa upande mmoja wakitazama kulia na wa upande mwingine kushoto. Filamu ikikamilika wataonekana kama wanajibizana.

Sasa maneno. Kama sauti yako haitasikika kwenye filamu, jibu lazima lijitosheleze, na Kiswahili kina mtego wake hapa. Ukiuliza, "Daraja lilivunjika lini?" mhusika atajibu, "Lilivunjika usiku wa manane." Sentensi ni safi kabisa, lakini swali likiondolewa hakuna anayejua li- hiyo ni ya nini: daraja, gari, au jengo? Mweleze tangu mwanzo, kwa upole, akitaje kitu kwa jina: "Daraja lilivunjika usiku wa manane." Akisahau, usimkatize, mwache amalize kisha uliza kwa namna nyingine.

Mtego wa pili ni kuitikia. Mazungumzo ya Kiswahili huenda kwa kuitikia, na msikilizaji asiyesema "eeh", "naam", "kumbe" huonekana hajali. Lakini kila "eeh" yako inalala juu ya neno lake na haitoki tena. Mwambie mapema: "Nitakaa kimya, usidhani sikusikilizi; nitakuwa natikisa kichwa." Kisha uzungumze kwa macho.

Omba visa, usiombe maoni. "Unajisikiaje kuhusu mafuriko?" huzaa hotuba. "Nisimulie asubuhi ile, tangu ulipoamka," huzaa picha. Akinyamaza, hesabu hadi tano kabla hujasema lolote. Jambo zito mara nyingi hufuata kimya hicho. Na usimalize simulizi yake kwenye maongezi ya utangulizi. Akikueleza yote jana, leo atasema "kama nilivyokwambia", na ile nguvu ya mara ya kwanza haitarudi.

Kwa nini watu husema sauti ni muhimu kuliko picha?

Kwa sababu mtazamaji huvumilia picha yenye chembechembe, lakini maneno asiyoyasikia humchosha ndani ya dakika moja. Maiki ya kubana kwenye nguo ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, isiguswe na mkufu wala kola. Maiki ya mti, ile inayoshikwa kwa ufito mrefu, ikae karibu kadiri fremu inavyoruhusu. Kwenye kipimo cha sauti cha kamera, vilele vya sauti vifike karibu −12 desibeli na visiguse sifuri kamwe, kwa sababu sauti iliyopasuka haiponi. Rekodi kwa kilohezi 48, biti 24, na hedifoni masikioni muda wote; mshale kwenye skrini hukuonyesha ukubwa wa sauti, haukuonyeshi kama nguo inasugua maiki.

Kabla hamjafungasha vifaa, kila mtu asimame kimya sekunde 30 hadi 60 mrekodi sauti ya mahali. Kila chumba kina ukimya wake. Mhariri akikata kikohozi katikati ya sentensi, shimo linalobaki hujazwa kwa ukimya wa chumba kile kile. Ukimya wa chumba kingine sikio huutambua mara moja.

Ninahitaji msimulizi?

Unamhitaji kama kuna habari ambayo hakuna mhusika anayeweza kuitoa na picha haziwezi kuionyesha. Kama yupo, asiseme kinachoonekana. Picha ya mwanamke akipanda ngazi ikiambatana na "Kila asubuhi anapanda ngazi hizi" imepoteza sentensi. "Lifti iliharibika miaka mitatu iliyopita" imeongeza kitu, na ngazi zenyewe zimebadilika machoni petu.

Andika kwa ajili ya sikio: sentensi fupi, tarakimu chache, wazo moja kwa mkupuo. Soma kwa sauti juu ya picha huku ukipima muda. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo usitegemee vipimo vya maneno kwa dakika vilivyotungwa kwa lugha nyingine. Acha nafasi ambazo msimulizi hasemi chochote.

Picha na kanda za zamani zitumikeje?

Ziheshimu kama shahidi. Kanda ya gharika ya mwaka mmoja haiwi gharika ya mwaka mwingine kwa sababu tu maji yanafanana. Kama unaitumia kwa mfano, andika hivyo kwenye skrini. Haki ya matumizi ipatikane kwa maandishi, ikieleza wapi filamu itaonyeshwa na kwa muda gani, kabla hujaijenga filamu juu ya picha hiyo. Gharama ya haki hujulikana kwa kuchelewa na imewahi kuzuia filamu zilizokwisha kukamilika.

Ukitaka kuisogelea picha mnato polepole, iskani kubwa. Fremu ya 4K ina pikseli 3,840 kwa upana. Ukikusudia kuingia hadi nusu ya picha, faili iwe na angalau 7,680, maana yake chapa ya upana wa sentimita 15 iskaniwe kwa takriban doti 1,300 kwa inchi.

Kutozitumia pia ni uamuzi. Filamu ya Claude Lanzmann ya mwaka 1985 kuhusu mauaji ya kimbari ya Wayahudi inazidi saa tisa na haina kanda hata moja ya enzi ile. Ina mashahidi, na maeneo yenyewe jinsi yalivyobaki.

Maigizo ya kurudia tukio yanaruhusiwa?

Yanaruhusiwa, mradi mtazamaji ajue anachokitazama. Errol Morris, katika filamu yake ya mwaka 1988 kuhusu kuuawa kwa askari huko Dallas, aliliigiza tukio hilo mara nyingi, kila mara kwa mujibu wa shahidi mwingine. Maigizo yale hayakusema "hivi ndivyo ilivyokuwa". Yalionyesha jinsi ushahidi unavyopishana, na mwaka uliofuata mtu aliyefungwa kwa kosa hilo aliachiwa.

Maigizo dhaifu hutaka kuonekana kama kanda halisi: kamera inatikisika, rangi imefifishwa. Hilo liache. Onyesha kiatu, taa, mkono kwenye kitasa. Nyuso za waigizaji hushindana na uso wa mtu halisi unayemhoji, na daima hushindwa.

Uhariri uanzie wapi?

Anza kwenye karatasi. Tazama kila kitu mara moja bila kukata, ukiandika kilichokugusa na saa yake kwenye faili. Mguso wa kwanza haurudi. Kisha chapisha maneno ya mahojiano, weka alama, panga aya mezani hadi simulizi isomeke. Ndipo ufungue programu na kuunganisha mkusanyiko wa kwanza, ambao unaweza kuwa na urefu mara mbili au tatu ya filamu utakayoitoa. Usiogope urefu huo. Ondoa kwanza matukio mazima, kisha sentensi, kisha fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu. Anayeanza kwa kunyoosha fremu kwenye tukio litakaloondolewa kesho anapoteza wiki.

Acha sauti na picha zisikatwe mahali pamoja kila mara. Sauti ya soko ikianza sekunde mbili kabla hatujaliona soko, mtazamaji ameshafika kabla ya picha.

Na hapa ndipo ahadi kwa mtazamaji hulindwa au huvunjwa. Kiswahili hubeba ukanushi kwenye silabi ndogo mwanzoni mwa kitenzi. Mhusika akisema "hatukubali", na mkasi ukapita robo sekunde mbele ili kuondoa pumzi yake, kinachobaki ni "tukubali". Hakuna aliyekusudia, na amesemeshwa kinyume. Hatari kubwa zaidi ni ya makusudi. Mtu amesema: "Mwanzoni nilimwona mkali, hata nilimchukia, lakini baadaye nikaelewa alikuwa anatulinda." Ukikata baada ya "nilimchukia", kila neno lililobaki ni lake, na maana si yake. Unaweza kufupisha, kuunganisha majibu mawili juu ya jambo moja, kuondoa kigugumizi. Ukimaliza, msikilize tena mhusika kwenye rekodi nzima ujiulize kama angeitambua fikra yake.

Mkato wa awali uonyeshe kwa watu watano hadi wanane wasioijua habari hiyo. Usiulize kama wamependa. Uliza wapi walichoka, wapi walipotea, na nani hawakumwamini. Wawili wakitaja dakika ile ile, tatizo lipo, ingawa huenda chanzo chake kiko dakika tano nyuma.

Muziki?

Uweke mwishoni. Tukio lisilosimama bila muziki bado halijahaririwa. Muziki unaomwamuru mtazamaji alie humpokonya nafasi ya kulia mwenyewe.

Simu inatosha?

Inatosha kama umefunga mwanga na fokasi zisijibadilishe zenyewe, umetumia stendi, na sauti imerekodiwa kwa maiki ya nje. Chagua kasi moja ya fremu, 24, 25 au 30 kwa sekunde, usiibadilishe hadi mwisho. Taa zikimemeka, linganisha shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, na umeme wa mahali: sehemu ya 1 kwa 50 ya sekunde kwa umeme wa hezi 50, ya 1 kwa 60 kwa hezi 60.

Manukuu ya lugha nyingine yawekwe vipi?

Mistari miwili tu, kila mmoja usizidi herufi 42 hivi, ukikaa kati ya sekunde moja na saba. Tafsiri maana na hadhi ya msemaji. Mzee anayesema kwa mafumbo asigeuzwe karani. Lisilotoshea lifupishwe, kwani anayekimbizana na maandishi haoni uso.

Ridhaa ya mhusika ipatikaneje?

Kwa lugha anayoielewa, kwa maandishi au akisema mbele ya kamera, baada ya kuelezwa filamu inahusu nini na itaonekana wapi, ikiwemo mtandaoni ambako haifutiki. Kwa mtoto unahitaji mlezi na mtoto mwenyewe. Akikataa, mlezi akubali asikubali, acha. Usinunue maneno. Kumrudishia mtu nauli au pato la siku aliyoipoteza ni haki, lakini malipo ya ushuhuda huutia doa ushuhuda wote.

Kama kumtambulisha kunamhatarisha, usimpige uso ukitegemea kuufifisha baadaye. Faili la asili huweza kuibwa, na jirani humtambua mtu kwa sauti, kwa shati au kwa pazia lake. Piga mikono, kivuli, au kiti kitupu tangu mwanzo, na uzime utambuzi wa mahali kwenye kifaa.

Mhusika anataka kuiona filamu kabla haijatoka. Nimruhusu?

Mwonyeshe, hasa aliyekufungulia nyumba yake. Mwonyeshe kabla mpangilio wa picha haujafungwa, wakati kubadilisha bado kunawezekana, na umweleze mapema mipaka: jina lililokosewa, tarehe, jambo linaloweza kumdhuru yeye au mwingine, hayo utayarekebisha. Kuamua filamu inasema nini ni kazi yako. Mipaka hiyo iandikwe kwenye ridhaa siku ya kwanza. Itazameni filamu pamoja katika chumba kimoja, wewe ukikaa pembeni unapoweza kuuona uso wake. Akigeuza macho mahali fulani, andika dakika hiyo, na filamu ikiisha anza kumuuliza kuhusu hapo.